Touria Aliyerudisha Saa Nyuma

Ukifika mtaa wa Sfarjel hapa Tetuan, Moroko, ukauliza habari za Touria Aghbal, mtu atakunyooshea kidole mlimani kwanza, halafu atabadilisha mazungumzo. Wamemsema vya kutosha, tena wengi wao hawajui hata alikuwa akifanya kazi gani. Mmoja aliniambia eti Touria alikuwa "anauza kompyuta". Anauza kompyuta! Nilimwacha na ujinga wake. Yule mwanamke tulimwona akikua, na sikubali maisha yake yote yaitwe kwa jina la siku moja.

Touria alikuwa mtunza seva wa ofisi ya wahandisi ya Si Mfaddal (kwetu "Si" ni Bwana), ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia. Mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusamehe. Hakuolewa, na mtu akimchokoza kwa hilo alijibu kwamba nyumbani ana mama mgonjwa na kazini ana wahandisi, je, mume amweke wapi? Mama alipofariki, wa damu yake aliyebaki duniani alikuwa dada yake mmoja tu, Fettouma. Kila Ijumaa Touria alikula kuskusi kwa Fettouma, chini ya mlima wa Sfarjel, na huko ndiko alikocheka kicheko chake chote cha wiki.

Kazi yake ilikuwa hivi. Programu wanazotumia wahandisi si kitu cha kununua ukaenda nacho zako. Ni cha kuazima. Mhandisi akifungua programu asubuhi, kompyuta yake inabisha hodi kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi, na ndani ya seva yumo mgawa leseni. Huyo naye ni programu, asiye na sura wala sauti, ambaye kazi yake ni kusema "chukua" au "zimekwisha, subiri mwenzako atoke". Akikataa, mhandisi anakaa mbele ya skrini kama aliyefungiwa nje ya nyumba yake, na kelele zote zinamwendea Touria.

Kwa miaka mingi seva ilikuwa na mgawa leseni mmoja, wa programu ya kuchora. Kisha ofisi ikapewa kazi ya kuuangalia mlima, na kazi hiyo ikaja na programu yake na mgawa leseni wake. Touria aliomba seva ya pili.

"Ya pili ya nini?" Si Mfaddal alisema. "Nyumba ina nafasi. Wapange humo humo."

Akawapanga humo humo, na balaa likaanza. Kila mmoja alizoea kupokea wageni kwenye mlango wenye namba ile ile. Seva ikiwashwa, atakayeamka kwanza anaukamata mlango, na mwenzake akija anakuta umefungwa, anaanguka bila hata kusema ah. Siku wachoraji wanafanya kazi, mlima hausomwi. Siku mlima unasomwa, wachoraji wanapiga meza ngumi.

Touria alipoisimulia habari hiyo juu ya sinia la kuskusi, shemeji yake Bouselham alicheka hadi akapaliwa. Bouselham, mume wa Fettouma, alikuwa fundi wa kushona jellaba, yale majoho yetu yenye kofia, mtu mnene mwenye mzaha usioisha.

"Hao si wake wenza hao!" alisema. "Umewatia nyumba moja, mlango mmoja, unataka wapendane? Shemeji, mimi ningekimbia."

"Wewe ungekimbilia wapi na tumbo hilo?" Fettouma akamwuliza.

Tangu siku hiyo yule wa programu ya kuchora akaitwa Bi Mkubwa, na yule wa mlima akaitwa Bi Mdogo, na hata ofisini jina likashika. Touria akawa anawaamsha kwa mkono wake: Bi Mkubwa kwanza, anampa mlango wa mbele, kisha Bi Mdogo, anamwelekeza mlango wa nyuma. Wakatulia.

Sasa huo mlima. Ulikuwa umeanza kupasuka juu ya mtaa tangu zamani, nyufa nyembamba ambazo watoto walitumbukiza vijiti. Baraza la mji liliwataka watu wahame. Wahame waende wapi? Walikataa, Fettouma akiwa wa kwanza kukataa, na kwa sauti. Mwisho ikaamuliwa mlima utobolewe, uwekwe vipimo ndani ya mabomba, na vipimo hivyo visomwe na programu kwenye kompyuta ya ofisi kwa Si Mfaddal. Mlima ukisogea zaidi ya kiasi, programu ingepiga simu ya mhandisi wa miamba na simu ya Touria.

Touria mwenyewe ndiye aliyewaeleza majirani, sebuleni kwa Fettouma, simu ikiwa mkononi. Aliwaonyesha namba ilivyoandikwa kwenye simu: Mlima.

"Ukisogea kwa upana wa vidole viwili, hii italia," aliwaambia. "Ikilia, nawapigia hata kabla sijavaa viatu. Isipolia, laleni usingizi wenu."

"Kwa hiyo mlima unayo namba yako?" Bouselham akadakia. "Una bahati. Mimi mlima wangu uko jikoni pale, na haujawahi kunipigia hata kuniuliza nimekula nini."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichowatuliza kuliko vipimo. Fettouma alimshika mdogo wake mkono mlangoni wakati wa kuagana. "Mimi sijui hayo mabomba," alimwambia. "Mimi nakujua wewe. Umesema isipolia nilale, basi nitalala." Touria alirudi kwake siku hiyo akiwa amejaa fahari, na, Mungu amsamehe, hakukuwa na kosa katika fahari hiyo.

Ramadhani ikaingia mwezi wa tatu, na mvua.

Nanyi mnajua mambo yetu. Jumapili moja kabla ya mfungo serikali inarudisha saa nyuma kwa saa moja, ili magharibi iwahi kuwafikia wafungaji, na Ramadhani ikiisha inazisogeza tena mbele. Nchi nzima inakosea miadi kwa siku mbili tatu, kisha inazoea. Seva ya Si Mfaddal ilikuwa kuukuu, na mwaka mmoja ilibadilisha saa siku isiyo yake, ikavuruga kazi ya watu. Touria alikasirika, akaizima akili yake ya kujibadilishia saa, na tangu hapo akawa anairudisha saa kwa mkono kila Ramadhani, kama mtu anavyogeuza saa ya ukutani kwake. Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Bi Mkubwa hakuwahi kujali saa ngapi. Kwa Bi Mdogo, hii ilikuwa Ramadhani ya kwanza.

Jumapili hiyo Touria alipita ofisini, akairudisha saa, seva ikataka kuzimwa na kuwashwa, akaizima na kuiwasha. Fettouma alikuwa akimngoja wakakaange chebakia, vile vitamu vya asali, za mwezi mzima. Touria akaondoka bila kuwangoja wake wenza waamke.

Jumatatu asubuhi ofisi ilikuwa moto. Bi Mdogo alikuwa ameamka kwanza akaukamata mlango wa mbele, Bi Mkubwa yuko chali, na michoro ya daraja ilitakiwa siku ile ile. Watu wote wamefunga, hakuna aliyekunywa kahawa, hakuna aliyevuta sigara, na kwetu hasira za siku ya kwanza ya mfungo zinajulikana. Madereva wanapigana kwa sababu ya honi.

"Touria! Hawa wake zako watanifilisi!" Si Mfaddal alifoka kutoka mlangoni.

"Si wangu, ni wako, wewe ndiye uliyekataa kuwajengea nyumba mbili!"

"Wapatanishe! Sasa hivi!"

Kichwa kilimgonga, ulimi ulimkauka. Safari hii aliamua kumaliza ugomvi kabisa. Akaandika amri ya kudumu: huyu mlango wake huu, yule mlango wake ule, seva iwashwe mara mia, hakuna kugombea tena. Akawaamsha wote wawili. Kwenye orodha wote wakaonekana wamesimama. Wachoraji wakaanza kuchora. Akaenda kwenye kompyuta ya mlima, iliyokuwa dirishani, akatazama skrini: kijani. Alhamdulillahi, akasema, na akaenda kuketi mahali penye giza mpaka kichwa kipoe.

Siku zote, baada ya kumwamsha Bi Mdogo, Touria alikuwa na desturi ya kumwomba leseni yeye mwenyewe, aone kama kweli anatoa. Siku hiyo hakuomba. Mbona? Kwa sababu alikuwa na njaa na skrini ilikuwa ya kijani. Sababu ni hiyo tu, na aliyewahi kufunga asijifanye haijui.

Mvua ilianza Jumanne na haikukatika. Mitaro ilijaa, maji ya rangi ya matofali yakashuka ngazi za Sfarjel. Fettouma alimpigia simu mdogo wake mara moja tu, Jumatano, na hata hakuuliza kwa hofu.

"Haijalia?"

"Haijalia, dada."

"Basi. Njoo kesho ufuturu hapa, nimeweka nyama."

Mhandisi wa miamba alikuwa Maka kwa umra. Hakukuwa na mwingine wa kuitazama ile kompyuta ya dirishani, na kila aliyepita aliona kijani, akaenda zake.

Alhamisi, saa za kazi zilipokwisha na wenzake wakiteremka ngazi, Touria alisimama dirishani akifunga vifungo vya koti. Macho yakaangukia namba zilizo chini ya ile rangi. Alizijua. Alikuwa ameziona Jumatatu, hizo hizo, mpaka tarakimu ya mwisho. Mlima haukai hivyo. Hata siku ya jua mlima hupumua kidogo, namba ya mwisho inacheza. Na sasa mvua imenyesha siku tatu, namba haijacheza.

Akaketi na koti lake, akamwomba Bi Mdogo leseni. Bi Mdogo hakutoa. Kumbe alikuwa amesimama tu mlangoni, mikono nyuma, hampi mtu kitu! Programu ya mlima ilikosa leseni tangu Jumapili, ikaacha kusoma, na skrini ikabaki na rangi ya mwisho iliyokuwa nayo. Touria akambadilishia mlango. Hakutoa. Akamzima Bi Mkubwa kabisa, pengine bado wanagombana. Hakutoa. Aliwakagua kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko ule ule mara kumi.

Akawapigia wenye programu, ofisi yao ya Tunis. Akapokea mtu mwenye sauti ya kuchoka, akajitambulisha kuwa Mokdad.

"Bi Mdog... samahani, mgawa leseni wenu amesimama lakini hatoi."

"Unapiga kutoka wapi, dada?"

"Tetuan. Moroko."

Mokdad akacheka. "Ramadhani karimu. Mmerudisha saa nyuma kwa mkono, sivyo?"

Touria akaitazama saa ya seva.

"Ninyi tu! Dunia nzima inafunga, ninyi tu mnafunga mpaka saa," Mokdad aliendelea kwa furaha. "Sikiliza. Huyu wetu anakumbuka saa ya mwisho aliyoiona. Saa ikirudi nyuma anadhani mnamwibia, maana wako watu wanaorudisha saa ili leseni iliyokufa ifufuke. Akishahisi wizi anafunga, na hafungui tena mpaka sisi tumwambie. Nakutumia namba ya kumfungulia. Na hiyo saa irudishe ilivyokuwa, dada, tena usiiguse."

Namba ikaja. Touria akasogeza saa mbele, akamfungulia Bi Mdogo, na Bi Mdogo akatoa leseni papo hapo, kama ambaye hakuwahi kununa. Skrini ikapepesa, ikawa kijani. Kijani cha kweli. Simu yake ikabaki kimya mezani.

"Imekaa sawa?" Mokdad akauliza.

"Imekaa. Asante sana, kaka. Haijalia, kwa hiyo mlima haujasogea."

Sauti ya Mokdad ikabadilika. "Mlima gani? Dada, programu ikikatika ikarudi, inaanza kuhesabu upya. Pale ulipo mlima sasa, ndipo inapopaita mwanzo. Haijui kilichotokea katikati."

Kule juu mlimani, kando ya mabomba, kulikuwa na kisanduku kilichotunza namba zote, leseni iwepo isiwepo. Touria akazivuta kwenye mtandao moja kwa moja, akazisoma kwa macho yake. Jumatatu, si kitu. Jumanne, kidole kimoja. Jumatano, vidole vitatu. Leo peke yake, kiganja kizima, na bado kinaongezeka anavyotazama.

Alimpigia Fettouma. Simu ililia mpaka ikakata; saa hizo Fettouma yuko jikoni na simu anayo nani? Akampigia Bouselham: haipatikani. Akawapigia watu wa uokoaji, na kijana wa zamu akamwambia kwa adabu kwamba gari litatoka mara tu wakishafuturu.

"Mlima hautafuturu!" Touria alimpigia kelele, akashuka ngazi mbio.

Na teksi utaipata wapi dakika zile? Mji wetu kabla ya magharibi ya Ramadhani ni mji uliohamwa. Maduka yamefungwa, njia tupu, hata mapaka yameingia ndani. Touria alikimbia katikati ya barabara chini ya mvua, mwanamke mzima mwenye koti la ofisi, harufu ya supu ya harira ikimfuata kutoka kila dirisha. Adhana ilimkuta kwenye ngazi za Sfarjel. Ngazi moja ilikuwa imepasuka katikati, na Jumapili haikuwa hivyo.

Aligonga kila mlango aliopita. "Tokeni! Nendeni uwanjani! Mlima unakuja!" Milango ikafunguka, watu wakatoka na bakuli mikononi na tende kinywani, wakamtazama, wakatazamana. Swali lililotoka lilikuwa moja, mlango kwa mlango: "Imelia?"

Kwa Fettouma meza ilikuwa imeandaliwa. Bouselham alikuwa ndiyo kwanza ameshika kijiko.

"Karibu, shemeji! Umelowa kama..."

"Tokeni! Dada, chukua viatu utoke!"

Fettouma alisimama. "Imelia?"

Hapo ndipo Touria angeweza kusema imelia. Neno moja. Angelisema, mtaa mzima ungekimbia. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika simu, simu iko kimya mbele ya macho yao, na hakuwahi kumdanganya dada yake tangu wazaliwe.

"Haijalia," alisema. "Haijalia kwa sababu nimeipofusha mimi. Nilirudisha saa. Tangu Jumapili haikuwa inaona kitu, nami nikakwambia ulale. Nimeona namba kwa macho yangu, dada. Nakuomba. Toka."

Fettouma alimtazama kwa muda ambao Touria hakuusahau maisha yake yote. Kisha akavuta mtandio wa kichwani, akavaa ndala za mumewe, akatoka. Nje alianza kupiga kelele kwa ile sauti aliyolikatalia nayo baraza la mji, na watu waliokuwa wakisitasita wakaanza kushuka.

Bouselham alibaki ameketi.

"Shemeji, nyanyuka!"

"Nakuja, nakuja. Ulisema mwenyewe isipolia tulale. Mimi silali hata, nanywa supu." Akamkonyeza. "Tangulia umshike dada yako, ngazi zina utelezi. Nachukua jellaba za wateja, namaliza bakuli, niko nyuma yenu. Nenda!"

Touria alimvuta mkono. Mkono ulikuwa mzito, na yeye alikuwa mwembamba. Nje Fettouma alimwita, ameteleza. Akamwachia.

Walifika uwanja wa mpira, mtaa mzima, wengine na bakuli zao bado. Kilichofuata hakikuwa na sauti kubwa kama watu wanavyodhani. Taa za juu zilizimika safu kwa safu, kisha ukasikika mkwaruzo mrefu, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni, ukaendelea, ukaendelea, ukaisha. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Fettouma alikuwa akihesabu nyuso za watu uwanjani, anamgeuza huyu, anamgeuza yule.

Ndipo simu ya Touria ikalia.

Ililia kwa nguvu, katikati ya watu wote. Fettouma akaja mbio, akamshika mdogo wake mabega kwa mikono miwili, uso umejaa tumaini.

"Pokea!" alisema. "Pokea, ni Bouselham huyo, atakuwa ametokea upande wa juu. Pokea haraka, Touria!"

Touria alitazama skrini, akaliona jina lililoandikwa pale, Mlima, akaificha simu kifuani ili dada yake asilisome. Iliendelea kulia.